Mwanga wa Kukwangua

Mezotinti huanza na usiku. Fundi huchukua bamba la shaba au la chuma cha pua, lililosuguliwa likawa laini kama kioo, na kazi yake ya kwanza ni kuuharibu ulaini huo wote. Hushika chombo kizito chenye makali yaliyopinda mithili ya mwezi mchanga, na makali yenyewe yana meno madogo yaliyosongamana. Hukibembeza chombo hicho juu ya bamba, huku na huku, ukingo hadi ukingo. Kisha hugeuza bamba na kuanza upya kwa upande mwingine, na mwingine tena, makumi ya mara, mpaka uso mzima umejaa vinundu na vishimo ambavyo jicho huviona kama vumbi tu. Bamba likipakwa wino wakati huo na kuchapwa, karatasi hutoka nyeusi tititi. Ni weusi wa mahameli, au wa masizi ya chini ya sufuria iliyokaa jikoni miaka mingi.

Hapo ndipo picha huanza. Kwa kikwanguo chenye makali ya wembe fundi hukwangua vinundu pale anapotaka mwanga uingie. Akikwangua kidogo, wino hupungua kidogo na karatasi hutoa kijivu cha wingu la mvua. Akikwangua mpaka chini, kisha akapalainisha kwa chuma cha kusugulia, wino haupati pa kushika na karatasi hubaki nyeupe. Hana haja ya mistari. Vitu anavitoa gizani kimoja kimoja, kama alfajiri inavyotoa mti kwanza, halafu paa la nyumba, halafu njia.

Na yote hayo anayafanya kinyume. Kinachokaa kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye karatasi, kwa hiyo anayenakili mchoro wa mtu mwingine humbidi augeuze akilini au autazame kwenye kioo. Rangi hana. Ana wino mmoja, karatasi moja, na ngazi ndefu ya vijivu iliyo kati ya hivyo viwili. Kwa mali hiyo tu anatakiwa kumpa mtazamaji kijani cha mbuga baada ya mvua, wekundu wa matofali ya kinu, na buluu inayochungulia kati ya mawingu. Sisi tunaotumia neno tafsiri kwa vitabu tungeweza kulitumia hapa bila kulipinda hata kidogo.

Ufundi huu ulianzia kwa Mjerumani mmoja. Mwaka 1642 mwanajeshi aitwaye Ludwig von Siegen alitoa picha ya uso wa Amelia Elisabeth, mtawala wa Hesse-Kassel, kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Siri hiyo ikamfikia Prince Rupert, mpwa wa Mfalme Charles I wa Uingereza, naye akavuka nayo bahari. Uingereza ikaipenda kuliko nchi nyingine yoyote, hata Wafaransa wakaiita mtindo wa Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilitumika hasa kwa picha za watu. Mezotinti huweza sana kuonyesha shavu linaloingia kivulini, koti la hariri, na giza la nyuma ya kiti cha bwana mkubwa.

Mandhari ni shughuli nyingine. Picha ya mtu husamehe giza, kwa sababu giza humpa heshima. Picha ya nchi, nusu yake ni mbingu, na mbingu ni mwanga. Fundi aliyetumia siku kadhaa kulitia bamba lake usiku lazima aukwangue karibu nusu ya usiku huo, tena kwa mkono mwepesi, maana wingu halina ukingo. Ndiyo maana mandhari ilichelewa kuingia katika mezotinti. Richard Earlom alitoa mwaka 1777 chapa za michoro ya Claude Lorrain, na kutoka hapo J. M. W. Turner akapata wazo la kitabu chake, Liber Studiorum, kilichotoka sehemu kwa sehemu kuanzia 1807 hadi 1819. Turner alikusudia picha 100. Zilizotoka ni 71, zote kwa wino wa kahawia. Mistari mikuu kwa kawaida aliitia mwenyewe kwa tindikali, kisha akawapa wengine kazi ya vivuli. Wa kwanza wao alikuwa Charles Turner, ambaye hakuwa ndugu yake licha ya jina, na ushirika wao ulivunjika kwa ugomvi wa malipo.

Kulikuwa na tatizo jingine, la bamba lenyewe. Shaba ni laini. Kila linapopita chini ya rola la mashine ya kuchapia, vile vinundu hulala kidogo, na baada ya chapa mia na kidogo weusi wa mahameli huwa umeshakuwa wa nguo iliyofuliwa mno. Mnamo 1822 Thomas Lupton alionyesha kwamba chuma cha pua kilicholainishwa kinaweza kupokea mezotinti na kutoa chapa nzuri kupita elfu moja. Bei ya picha ingeweza kushuka, na mtu wa kipato cha kawaida angeweza kutundika ukutani kitu kilichokuwa cha watu wa majumba. Ila chuma ni kigumu. Kukikwangua kunachosha mkono, na kusahihisha kosa kunachosha zaidi.

Msanii ninayetaka kumfuata hapa hakuwa Turner. Alikuwa mtoto wa msaga nafaka.

John Constable alizaliwa mwaka 1776 East Bergholt, kijiji cha Suffolk, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa na vinu vya maji Flatford na Dedham kando ya mto Stour, na kinu cha upepo kwenye uwanda wa kijiji. Alitaka mwanawe amrithi, na kijana alifanya kazi kinuni kiasi cha mwaka mmoja kabla ya kuruhusiwa kwenda kusomea uchoraji London. Mwaka huo haukupotea. Anayesaga kwa upepo huishi akitazama juu; upepo ukigeuka bila yeye kuuona, mapanga ya kinu huvunjika. Kwenye mbao za kinu hicho Constable alichonga jina lake kwa kisu pamoja na mwaka, 1792. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na sita.

Alipokuwa mchoraji alichora pale pale alipokulia: mifereji, milango ya maji, mikokoteni, miti ya mto Stour, na juu yake mbingu alizozisoma kama mtaalamu wa hali ya hewa. Katika miaka ya 1821 na 1822, akiwa Hampstead, alichora mawingu peke yake, karatasi baada ya karatasi, akiandika nyuma tarehe, saa na upepo. Kipo kitu kimoja katika rangi zake ambacho wakosoaji wa London hawakukizoea. Juu ya majani na maji alidondosha vitone vyeupe vya rangi nzito, ili vimetemete kama umande. Wakakiita kitu hicho theluji ya Constable, kwa dhihaka. Paris walimwelewa mapema zaidi. The Hay Wain, picha yake ya mkokoteni ndani ya mto, ilionyeshwa huko mwaka 1824 na mfalme akaipa medali ya dhahabu.

Kwa mtu wa mezotinti, vitone hivyo vyeupe ni mtihani wa pekee. Mchoraji wa rangi za mafuta hutia nuru mwishoni, juu ya kila kitu. Anayekwangua huitoa nuru chini, kutoka kwenye mwili wa bamba. Mmoja huongeza na mwingine hupunguza, na jicho la mtazamaji lisijue tofauti.

Novemba 1828 Maria, mke wa Constable, alifariki kwa kifua kikuu. Walikuwa wamesubiri miaka mingi kuoana kwa sababu jamaa zake hawakumtaka mchoraji maskini. Ndoa yao ilidumu miaka kumi na miwili. Alimwachia watoto saba, mdogo akiwa hajatimiza mwaka. Constable alivaa nguo za msiba mpaka mwisho wa maisha yake. Februari 1829 jumuiya ya wasanii, Royal Academy, ikamchagua hatimaye kuwa mwanachama kamili, kwa tofauti ya kura moja, akiwa na umri wa miaka 52. Heshima aliyoitafuta kwa miaka mingi ilimkuta nyumbani bila mtu wa kumwambia.

Katika mwaka huo huo aliamua kutengeneza kitabu cha chapa. Sioni kama ni bahati tu kwamba mtu aliyefiwa alikimbilia ufundi unaoanza na weusi. Yeye mwenyewe alitaja sababu nyingine: alitaka kuonyesha alichokiita kiaroskuro cha maumbile, yaani jinsi mwanga na kivuli vinavyogombana na kupatana juu ya nchi kila saa ya siku. Kwake hilo ndilo lililoibeba picha, na rangi ilifuata. Kama maneno hayo ni kweli, basi picha ikivuliwa rangi zote inapaswa kubaki hai. Kitabu kilikuwa njia ya kujipima.

Aliyemchagua kumvulia rangi alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, David Lucas.

Lucas alizaliwa mwaka 1802 Brigstock, Northamptonshire, katika familia ya wafugaji na wakulima. Kipaji chake kiligunduliwa na Samuel William Reynolds, bingwa wa mezotinti wa siku hizo, ambaye alimchukua kuwa mwanafunzi wake. Katika karakana hiyo alifundishwa pia Samuel Cousins, kijana wa Exeter. Nitamrudia Cousins baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mtoto wa msaga nafaka na mtoto wa mfugaji walikutana juu ya bamba la chuma, na wote wawili walijua shamba linanukaje baada ya mvua. Hilo halikuwa jambo dogo. Mafundi wengi wa London wangeweza kunakili mti. Lucas alijua kwa nini mti ule umeinama.

Makubaliano yao yalikuwa hivi: Constable alilipa gharama zote, naye Lucas akwangue. Kilichofanya kazi iwe ngumu ni vile vitu Constable alivyompa avinakili. Mara nyingi havikuwa picha zilizokamilika. Alimkopesha michoro midogo ya rangi za mafuta, mingine kwenye vibao, iliyochorwa upesi nje, ambamo kondoo ni tone moja na mtu ni matatu. Mchoro wa namna hiyo husema nusu ya maneno na kumwachia mwenye macho amalizie. Fundi wa kunakili tu angekwama. Lucas ilibidi aamue kile tone linachomaanisha, kisha akiseme kwa lugha isiyo na rangi.

Tazama bamba liitwalo Spring, majira ya kuchipua. Chanzo chake ni kibao kidogo ambacho leo kiko Victoria and Albert Museum, London, na chapa yenyewe ni ndogo, unaweza kuifunika kwa viganja viwili. Ni uwanda wa East Bergholt. Kuna kinu cha upepo, kile kile chenye jina lililochongwa kwa kisu. Kuna mtu anayelima kwa farasi. Mengine yote ni mbingu ya Machi, na ndiyo inayoendesha picha nzima: mawingu makubwa yenye mvua ya mawe yanasukumana, mwanga unapenya katikati yao na kuangukia kipande cha udongo uliolimwa, kisha uwanda unaofuata unafunikwa na kivuli. Ukisogeza macho karibu, huoni mstari wowote unaosema hapa wingu linakoma. Unaona chembe za wino zikipungua taratibu, nyingi, chache, moja moja, mpaka karatasi. Lucas alipita hapo na kikwanguo kwa wepesi wa mtu anayepuliza vumbi.

Katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya bamba hilo, Constable aliwaeleza wasomaji kuhusu vijiwingu vidogo vyeusi vinavyokimbia chini ya mawingu makubwa. Wasaga nafaka na mabaharia, alisema, huviita wajumbe, kwa kuwa kila vinapoonekana hali mbaya ya hewa iko nyuma yao. Aliyeandika hayo ni yule kijana wa kinuni. Hakuna chuo cha sanaa kilichomfundisha hayo.

Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1830. Ilichapishwa na Constable mwenyewe kutoka nyumbani kwake, 35 Charlotte Street, na kuuzwa katika duka la Colnaghi, Pall Mall East. Zilifuata nyingine mpaka zikatimia tano mwaka 1832, jumla ya picha 22. Kuna nyumba ya baba yake East Bergholt, iliyowekwa mwanzoni mwa kitabu kama mtu anavyotaja ukoo wake kabla ya kusema. Ipo Weymouth Bay, ufuko waliokaa yeye na Maria wakati wa fungate mwaka 1816. Kuna Brighton, alikompeleka Maria akitafuta hewa ya bahari kwa ajili ya mapafu yake. Mpangilio wa kitabu haufuati ramani. Ukijua maisha ya mtu huyu, utaona unafuata kumbukumbu.

Nyuma ya karatasi hizo 22 kuna mamia ya chapa za majaribio, na hapo ndipo historia ya kweli ya kitabu ilipo. Lucas akifika mahali fulani alichapa karatasi moja na kumpelekea Constable. Constable aliishika, akaitazama, kisha akaanza kuichora upya: chaki nyeupe pale anapotaka mwanga, wino mweusi pale anapotaka uzito, mara nyingine akaikwaruza karatasi yenyewe. Aliirudisha ikiwa na barua. Lucas akarudi kwenye chuma.

Kuongeza mwanga kuliwezekana. Ni kukwangua zaidi tu. Mambo yaliharibika pale Constable alipobadili nia na kutaka giza lirudi. Mahali palipokwishakwanguliwa pamekuwa laini, na wino haupashiki tena. Ilibidi Lucas akichukue kile chombo cha meno, apande tena vinundu kwenye sehemu hiyo ndogo bila kuumiza iliyo jirani nayo, kisha aanze kukwangua upya. Kwa brashi, badiliko kama hilo ni la dakika moja. Kwenye chuma ni la siku kadhaa. Constable hakuacha kubadili. Bamba la Old Sarum, kile kilima kitupu cha Wiltshire palipokuwa na mji ambao umetoweka, lilikwanguliwa, likakataliwa, na Lucas akalianza jingine kuanzia mwanzo. Kilima hicho kisicho na wakazi kilikuwa bado kina wabunge wawili katika Bunge la Uingereza, mpaka sheria ya mwaka 1832 ilipokifutia haki hiyo. Constable hakuipenda sheria ile, wala mageuzi ya namna yoyote, na pengine ndiyo sababu aliipa nyika ile tupu mbingu nzito kiasi kile.

Barua alizomwandikia Lucas ni za mtu asiyetulia. Katika moja anamsifu kama mwanawe, katika nyingine analalamika kwamba bamba limekuwa jeusi mno, kwamba fedha inapotea, kwamba kitabu kinamnyima usingizi. Alikuwa anaumwa baridi yabisi. Mwaka 1832 rafiki yake mkubwa John Fisher, kasisi wa Salisbury aliyemsaidia kwa miaka mingi, alifariki, na miezi michache baadaye akafa msaidizi wake wa karakanani, John Dunthorne. Mwaka huo huo alifanya jambo ambalo kila nikilikumbuka hunisimamisha. Kulikuwa na bamba dogo la Glebe Farm, nyumba ya shamba iliyotulia chini ya mnara wa kanisa la Langham. Alimwagiza Lucas aligeuze liwe gofu la jengo la kale. Akamweleza na sababu: kitabu hakingekuwa kamili bila ishara ya yeye mwenyewe na ya kazi waliyoianza. Lucas akatii. Akaikwangua nyumba, akapanda giza upya, akasimamisha kuta zilizobomoka, na bamba likaitwa Castle Acre Priory.

Kitabu hakikuuzwa. Wanunuzi wa chapa walitaka Italia, au maghorofa yanayoporomoka kwa moto wa mbinguni kama yale ya John Martin, ambaye mezotinti zake za Paradise Lost zilipendwa na wengi. Constable aliwapa shamba la Suffolk chini ya wingu la mvua. Mwaka 1833 alitoa toleo la pili lenye kichwa kirefu na utangulizi wa kueleza nia yake. Likabaki kwake na lenyewe. Gharama zilimla, wala hakuona zikirudi.

Hata hivyo hakumwacha Lucas, naye Lucas hakumwacha. Kazi yao kubwa kuliko zote ilikuja mwishoni, nje ya kitabu. Mwaka 1831 Constable alikuwa ameonyesha picha kubwa ya kanisa kuu la Salisbury likitazamwa kutoka mbugani: mnara unaochoma mawingu meusi, mkokoteni ukivuka maji, na juu ya vyote hivyo upinde wa mvua. Mguu mmoja wa upinde huo unatua penye nyumba ya Fisher. Lucas alitakiwa kuifanya mezotinti, kwa bamba kubwa.

Fikiria kazi hiyo. Upinde wa mvua ni rangi tupu. Hauna umbo wala kivuli, wala kingine unachoweza kushika. Ukiuondolea rangi, kwa kawaida hubakiwi na kitu. Lucas alikuwa na wino mweusi. Constable alikuwa amejifunza elimu ya mwanga kwa ajili ya pinde hizo, akichora michoro ya miale na matone, na alimsumbua Lucas kwa barua nyingi juu ya tao lile moja: liwe jepesi, liwe na uhai, lisiwe mkanda uliobandikwa angani. Lucas alilitoa kwa kukwangua kidogo mno ndani ya wingu jeusi, akiacha upande mmoja uyeyuke na mwingine uwe na ukali kidogo, hata ukitazama chapa nzuri ya bamba hilo jicho lako lenyewe linaanza kulitilia rangi. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba tafsiri daima hupoteza. Mbele ya upinde ule sijui wangesema nini.

Mapema mwaka 1837 bamba lilikaribia kumalizika. Constable aliona chapa ya majaribio mwezi Machi na akaridhika, yeye ambaye kuridhika kulimwia kugumu. Usiku wa Machi 31 alishikwa na maumivu ghafla nyumbani kwake Charlotte Street, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 60.

Lucas alikuwa na miaka 34, mabamba, na ufundi uliokaribia kukosa wateja. Alitoa chapa nyingine za Constable mwaka 1838, zikiwemo zile zilizoachwa nje ya kitabu. C. R. Leslie alipoandika maisha ya rafiki yake Constable mwaka 1843, picha zilizokipamba kitabu chake zilikuwa za Lucas. Wasomaji wengi walimjua Constable kwa njia hiyo, kwa macho ya Lucas, kwa kuwa picha za rangi zilikuwa zimefungiwa majumbani mwa watu. Mwaka 1855 mchapishaji Henry Bohn alizitoa tena kwa wingi. Lakini wakati huo kamera ilikuwa imeshafika, na hakuna aliyetaka kumlipa mtu miezi ya kukwangua.

Yafaa sasa kumrudia Cousins. Royal Academy, tangu ilipoanzishwa mwaka 1768, iliwaona wachongaji wa mabamba kuwa wanakili tu. Walipokubaliwa, walikubaliwa kama wanachama wa daraja la chini, wasio na haki ya kupanda. Samuel Cousins, aliyejifunza karakana moja na Lucas, alikuwa mchongaji wa kwanza kufunguliwa mlango kamili, mwaka 1855. Alitajirika kwa picha za watu mashuhuri, na akatoa pauni 15,000 kwa ajili ya wasanii maskini. Lucas aliingia katika ulevi na ufukara. Alifariki mwaka 1881 katika nyumba ya maskini ya Fulham.

Chapa zake za majaribio zimehifadhiwa Fitzwilliam Museum huko Cambridge, British Museum, na kwingineko. Zinawekwa kwa mfuatano, hatua kwa hatua, bamba moja karatasi nyingi. Katika karatasi moja chaki nyeupe ya Constable bado imelala juu ya wino, imepitishwa kwa haraka penye wingu au penye ukingo wa maji. Katika karatasi inayofuata, mahali pale pale, hakuna chaki. Kuna karatasi yenyewe tu, nyeupe, inayong'aa.